Mazishi ya Nyumba ya Kusomea

Meya Gancho hakubisha hodi. Aliingia Nyumba ya Kusomea kama mtu anayeingia zizini kwake, nyuma yake jamaa mmoja wa mjini aliyevaa viatu vyeupe katika mwezi wa matope, mkononi ameshika utepe wa kupimia. Yonka, mtunzaji wa nyumba hiyo, alikuwa kwenye jiko la kuni anamimina kahawa, na kikao kilikuwa kimenoga. Bibi Velika ndiyo kwanza alikuwa anafikia pale mke wa daktari alipoonekana akishuka kwenye gari lisilo la daktari. Umbea ukakatika hapohapo, na hilo peke yake Yonka alilihesabu kuwa dhambi.

"Endeleeni tu," alisema Gancho. "Sisi tunapima."

"Mnapima nini?" aliuliza Yonka.

"Ukuta."

Yule wa viatu vyeupe alivuta utepe wake toka dirishani hadi kwenye rafu ya riwaya, akaguna, akaandika kitu kiganjani. Alikuwa na biashara ya mashine za kamari, zile zinazowakawaka taa na kuzungusha picha za matunda, na kwa hesabu yake chumba kingezimeza nyingi tu, almuradi hizi takataka za ukutani ziondolewe.

"Takataka zipi, kijana?" aliuliza Bibi Velika.

"Mama, usiingilie," alisema Gancho, kwa kuwa Bibi Velika ndiye aliyemzaa, na katika Dolna Sliva nzima ni yeye pekee aliyekuwa hamwogopi hata kidogo.

"Nimemuuliza yeye, sijakuuliza wewe. Wewe nakujua, nimekuosha."

Gancho aliona ni heri amalize upesi. Halmashauri imeshakaa, alisema. Chumba kinakodishwa. Ijumaa lori la karatasi chakavu litakuja, vitabu vyote vipakiwe viende kinuni vikasagwe, vitoke maboksi ya mayai. Yonka atapewa barua ya shukrani.

"Barua ya shukrani kaifungie jibini," alisema Yonka. "Vitabu hivi ni vya watu."

"Vya watu gani?" Gancho alimgeukia, na safari hii hakupaza sauti. "Yonka, dada yangu, mimi na wewe tumesoma darasa moja, tuambiane kweli. Nitajie mtu. Mmoja tu. Aliyeazima kitabu hapa mwaka huu akakisoma mpaka mwisho."

Yonka alifungua mdomo. Ule ulikuwa mdomo ambao haujawahi kulala njaa. Hata siku ya harusi yake alimsahihisha padri katikati ya baraka. Sasa ulibaki wazi, mtupu. Watu walikuja, ndiyo. Nyumba ilijaa kila siku, kiti kikikosekana watu wanakaa juu ya kasha la kuni. Walikuja kwa jiko, kwa kahawa, kwa habari za jana zilizopashwa moto leo. Walikuja zaidi kwa ajili ya matangazo ya misiba, maana Dolna Sliva mtu hajafa sawasawa mpaka karatasi yake yenye ukingo mweusi ibandikwe mlangoni kwake, kituo cha basi, na kwenye mti ulio mbele ya bucha. Inabandikwa siku ya kufa, siku ya arobaini, nusu mwaka, mwaka, na hakuna mkono unaozibandua, ni mkosi. Hiyo ni kazi ya mvua na jua. Mashine ya kuwachapia watu ilikuwa moja tu, ya Yonka. Kila maiti alipitia kwake kabla ya kufika kwa padri.

Lakini kitabu? Mtu mmoja?

"Unaona?" alisema Gancho taratibu, na ule utaratibu ndio uliomchoma Yonka kuliko yote.

Walipoondoka, matope ya viatu vyeupe yalibaki sakafuni, na Bibi Velika akayatazama kwa muda.

"Nimezaa punda," alisema.

"Amesema kweli lakini, bibi. Sikuwa na jina la kumtajia."

"Hata mimi usingenitaja. Macho yangu yameota ukungu." Alinywa kahawa yake, akaikunjia uso. "Ila kusoma nilijifunzia kwenye meza ile, Yonka. Nilikuwa nimeshaolewa, namficha mume wangu, namwambia nakuja kufuma. Leo chumba kilekile kinabebwa na lori? Mimi sijawahi kuona mtu wa Dolna Sliva akibebwa na lori. Hata yule mlevi Petko aliyekufia kisimani tulimzika. Ngano ya msiba ilipikwa, mkate ulikatwa. Kama nyumba hii inakufa, basi izikwe kama watu."

 Yonka alikuwa anaiangalia mashine yake ya kuchapa.

"Bibi," alisema baadaye, "kitu kilichogawiwa msibani kwa ajili ya roho ya marehemu, mtu anaweza kukikataa?"

"Akikataa amemnyima marehemu. Nani anathubutu?"

"Na kinaweza kudaiwa kirudi?"

Bibi Velika aliweka kikombe chini polepole. Uso wake ulianza kukunjuka, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kama kitambaa kinachopigwa pasi.

"Mwanangu wee," alisema. "Washa hiyo mashine."

*

Asubuhi yake Dolna Sliva nzima iliamka na msiba. Ukingo mweusi, msalaba juu, na pale panapokaa uso wa marehemu, picha ya mlango wa Nyumba ya Kusomea. Chini yake: "Kwa huzuni kubwa tunawajulisha jamaa, marafiki na majirani kwamba mpendwa wetu, Nyumba ya Kusomea, amefariki baada ya kuugua ghafla mikononi mwa halmashauri. Mazishi ni Alhamisi saa sita mchana, nyumbani kwa marehemu. Kila mtu aje mikono mitupu. Waombolezaji: wote wenye haya."

Kwenye kituo cha basi watu walisoma, wakacheka, wakasoma tena, kisha kicheko kikawakauka. Lazo wa bucha, mtu mwenye mikono kama makasia na moyo wa kamari, alisimama mbele ya mti wake na kisu mkononi.

"Sasa huyu nitamlia au nitamcheka?" aliuliza.

"Kwanza njoo ule," Yonka alimwambia, akipita na ndoo ya gundi. "Kulia utaamua ukishashiba."

Padri Spiridon ndiye aliyempa Yonka kazi ya kumshawishi. Alimkuta ukumbini kwake anakula mtindi, ndevu zimeshapata sehemu yake.

"Yonka, mwanangu, hili haliwezekani. Jengo halina roho."

"Padri, mwaka jana ulibariki gari la nyama la Lazo. Ukalimwagia maji matakatifu mpaka ndani ya injini."

"Gari ni jambo jingine."

"Kwa nini?"

Padri alifikiri. "Linatembea," alisema.

"Sikuombi uombe, padri. Njoo ule ngano tu. Au unataka watu waseme Padri Spiridon ameogopa kula kwa sababu ya meya?"

Yonka alijua anachofanya. Padri aliweza kuvumilia mengi, ila kusemwa hakukuwamo.

*

Alhamisi saa sita palikuwa hapatoshi pa kutia mguu. Bibi Velika alichemsha ngano tangu alfajiri, akaitia sukari na karanga za jozi, akainyunyizia unga juu na kuchora msalaba kwa peremende. Kulikuwa na mikate ya jibini, na rakia, pombe kali ya plamu, ya watu mbalimbali, kila mmoja akidai ya kwake ndiyo isiyoumiza kichwa. Wanawake walivaa leso nyeusi. Wanaume walivua kofia mlangoni bila kuambiwa, na wakishavua hawajui waangalie wapi. Katikati ya chumba, juu ya ile meza, Yonka alikuwa amevilundika vitabu, na nyuma yake rafu zilisimama tupu, mbao zenye alama za vumbi. Hapo ndipo watu walipoacha kufanya mzaha. Hakuna aliyewahi kuona ukuta ule uchi.

Yonka alipanda juu ya kasha la kuni.

"Nisikilizeni. Sina hotuba. Kesho lori linakuja kuchukua hivi visagwe. Leo navigawa kwa ajili ya roho ya marehemu. Kila mtu anachukua sahani ya ngano na kitabu. Hakuna kuchagua. Msibani huchagui kipande cha mkate. Kinachokuangukia ndicho chako."

"Na kama mtu hasomi?" Lazo alipaza sauti toka nyuma.

"Atakiangalia mpaka kione aibu kifunguke chenyewe. Njoo, uwe wa kwanza, ulivyo na mdomo."

Lazo alikuja, akapokea, akasema "Mungu amrehemu" kama kawaida, akafungua pale alipofungua. Kilikuwa kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa zamani, na ukurasa aliofunua ulikuwa wa wanawake wanene wanaooga mtoni. Lazo alikifunga haraka, akatazama kulia na kushoto, akakiweka kwapani kwa uangalifu ambao hajawahi kumpa hata mtoto mchanga. Padri aliangukiwa na riwaya ya mauaji, jalada lina kisu kinachodondosha damu. "Nitakitumia kuonya vijana," alisema. Mehmed fundi viatu, anayepiga klarineti kwenye harusi zote za huku, alipewa kitabu kinene cha nyimbo za kanisani chenye muziki wake umeandikwa kwa nota.

"Yonka, dada, umesahau?" alisema Mehmed akicheka. "Mimi ni Mwislamu."

"Marehemu hakumbagua mtu."

Mehmed aliacha kucheka. Alipokea kwa mikono miwili. "Mungu amrehemu," alisema. Na Bibi Velika mwenyewe, kwa bahati iliyowachekesha wote, akapata kitabu cha maisha ya masufi wa Kiislamu. "Mehmed," alimwita, "nikikwama nakuja kwako, ujiandae."

Hapo ndipo Gancho alipotokea. Alikuja mbio, koti halijafungwa vifungo, uso mwekundu kama pilipili zinazochomwa msimu wa vuli.

"Acheni mara moja! Hii ni mali ya umma! Kila kitabu kirudi mezani! Kila mmoja wenu nitamwandikia—"

Mama yake alikuwa amesimama karibu na mlango.  Alitwaa tu sahani ya ngano na kitabu kilichokuwa juu ya lundo bila kukitazama, akamnyooshea.

Basi, mtu aliyezaliwa Dolna Sliva, akinyooshewa ngano ya marehemu, mkono wake hauombi ruhusa kwa kichwa. Tangu anajifunza kutembea amenyooshewa ngano hiyo, na kila mara mkono umetoka, na kila mara mdomo umesema. Gancho alikuwa bado anapiga kelele upande mmoja wa mdomo, na upande mwingine ulikuwa umeshasema:

"Mungu amrehemu."

Akajipiga ishara ya msalaba, na kitabu kikiwa mkononi.

 Gancho alitazama sahani, akatazama kitabu, akamtazama mama yake. Alielewa taratibu, kama mtu anayegundua kwamba amekaa juu ya kitu chenye maji.

"Amepokea," alisema Bibi Velika kwa sauti ya kufika barabarani. "Mmemsikia wote. Mwanangu amemsomea marehemu rehema. Sasa atakayedai virudi, aanze na chake."

Kicheko kilichofuata kilimsindikiza meya mpaka mlangoni kwake. Yonka aliendelea kugawa mpaka meza ikabaki na kitabu kimoja, akakichukua yeye. Kilikuwa riwaya, jalada limechakaa. Alipokifungua alitukana kimoyomoyo. Kilikuwa juzuu ya pili, na ya kwanza haipo. Bahati gani hiyo, kuupata umbea kuanzia katikati!

*

Lori lilikuja Ijumaa likarudi tupu. Jumatatu akaja wa viatu vyeupe na mafundi wake. Walipofika mlangoni wakasimama. Tangazo lilikuwa palepale, ukingo mweusi, gundi ya Yonka isiyo na huruma.

"Bandueni hiyo karatasi," alisema yule bwana.

Fundi wa kwanza alivuta sigara. Fundi wa pili alikumbuka ameacha nyundo garini.

"Bandua wewe mwenyewe," alisema wa kwanza. "Mimi nina watoto."

Yule bwana alinyoosha mkono. Kituo cha basi, ng'ambo ya barabara, kilikuwa kimejaa ingawa basi halikuwa linatarajiwa.  Bibi mmoja alikohoa. Mkono ukarudi mfukoni.

"Ni karatasi tu!" alisema akiwageukia. "Wewe, mwenye bucha. Nimeambiwa unapenda mchezo. Nikifungua hapa, hutakuja kucheza?"

"Mimi?" Lazo alijipangusa mikono kwenye aproni. "Mzee, mimi nikikutana na paka mweusi njiani narudi nyumbani kubadilisha shati. Nipite chini ya msiba nikaweke pesa? Hata mashine yenyewe itanionea huruma."

Kituo kizima kilicheka. Wa viatu vyeupe alitazama mlango, akatazama nyuso, akafanya hesabu nyingine kiganjani, akaondoka. Hakurudi.

Gancho, kwa hasira, akaweka kufuli jipya. Kama hakuna mashine za kamari, alisema, hakuna kahawa pia. Ufunguo akautia mfukoni, na chumba kikabaki baridi.

Hapo Yonka akaumia. Vitabu vilikuwa hai, ila nyumba ilikuwa imekufa kweli. Mwanamke aliyezoea kuishi na watu kumi na wawili kwenye viti vinane akawa anakunywa kahawa peke yake jikoni, anaongea na birika. Asubuhi alikwenda bucha kununua nyama asiyoihitaji ili asikie mtu akiongea. Na huko bucha ndiko alikoanza kusikia.

"Yonka," Lazo alimnong'oneza siku moja, akivuta kile kitabu kikubwa chini ya kaunta, kimefunikwa kwa karatasi safi ya nyama. "Huyu aliyechora huyu ng'ombe aliyechinjwa. Tazama. Huyu mtu alikuwa mchinjaji, au?"

"Alikuwa mchoraji."

"Hapana, hapana. Tazama mafuta yalivyokaa kwenye ubavu. Huwezi kujua hivi bila kushika kisu." Alipitisha kidole juu ya picha. "Miaka yote mimi naning'iniza ng'ombe hapa, sijawahi kuona kwamba ni mzuri."

Akitoka bucha, Yonka alipita kwa Mehmed. Klarineti ilikuwa inalia ndani, polepole, wimbo ambao hauchezeki. Nje ya dirisha, kwenye theluji ya kwanza, Padri Spiridon alikuwa amesimama na kofia imejaa weupe.

"Anaukosea pale kati," alisema padri bila kugeuka. "Lakini mimi nimeuimba miaka thelathini, sijaukosea hata mara moja, na haujawahi kunifanya nisimame barabarani."

"Ingia basi umwambie."

"Nitaingia. Kwanza niambie, ile riwaya yangu. Muuaji ni mganga, sivyo? Usiniambie. Nimebakiza kidogo. Jana nimechelewa ibada ya asubuhi, nimewaambia watu nilikuwa na homa."

Na Bibi Velika alikuwa amempata mjukuu wa kumsomea masufi, na akishasomewa anakwenda kumkalia Mehmed kooni kwa maswali, mpaka Mehmed akaapa kwamba amejifunza dini yake upya kwa sababu ya bibi mmoja wa Kikristo asiye na meno. Watu walikuwa wanasoma. Wengine kwa kiburi, wengine kwa kuwa wamekatazwa, wengine kwa sababu kitu cha marehemu huwezi kukitupa na kinakukodolea macho kila siku. Wakagombana barabarani. Wakabadilishana juu ya nyua. Wakaharibiana miisho. Kila mtu alijua nani ana nini. Majina yale ambayo Yonka aliyakosa siku ile sasa yalikuwa yanamjia mengi mpaka anachanganyikiwa, na hakuna mlango wa kuyaingizia.

Akasikia na jingine. Bibi Velika alilileta mwenyewe, ameshika ubavu kwa kucheka.

"Gancho," alisema. "Jana nimemwita kula, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikamkuta jikoni ameegemea friji, anasoma. Supu imepoa, yeye macho yamemtoka."

"Anasoma nini?"

"Kile nilichomtia mkononi. Riwaya. Binti wa kinu cha unga aliyetoroka na mchuuzi wa farasi. Halafu ananipigia kelele mimi! 'Mama, kimekatika! Binti yuko nyuma ya mlango na bunduki ya baba yake, nyayo zinapanda ngazi, halafu kurasa zimeisha!' Inaonekana kuna ya pili. Amekwenda mpaka mjini kuitafuta, hawana. Yonka, mbona umekauka?"

Yonka alikuwa ameshika birika na haimimini. Alikuwa akisoma juzuu ya pili kila siku kabla ya kulala, meno yakimuuma kwa kutojua. Kitabu chake kilianza na mlio wa bunduki na damu kwenye ngazi. Damu ya nani? Kwa nini binti alikuwa nyuma ya mlango? Na yule mtoto ambaye kila mtu anamficha, baba yake ni nani? Dalili zote zilikuwa kwenye juzuu ya kwanza, kando ya friji la Gancho.

"Hakuna kitu, bibi," alisema. "Siku arobaini za marehemu ni lini?"

"Jumapili."

"Basi pika ngano."

*

Jumapili theluji ilikuwa imelala mpaka magotini. Walikuja hata hivyo, na sufuria zimefungwa kwa blanketi, na vitabu vimefungwa kwa mifuko ya mkate. Walisimama mbele ya kufuli, pua nyekundu, wakipuliza mikono. Yonka alikuwa na ndoo ya gundi na tangazo jipya lililokunjwa chini ya koti, alilolichapa mapema kwa mashine ya ofisi ya shule, maana yake ilikuwa nyuma ya kufuli, kwa kumtishia mwalimu mkuu kwamba atasimulia mambo fulani ya mwaka fulani.

Gancho alikuja akitembea polepole. Hakuwa na kelele safari hii.

"Mnataka nini?"

"Ni arobaini," alisema Padri Spiridon, mwenyewe kabisa, mbele ya watu. "Arobaini hufanyiwa nyumbani kwa marehemu. Fungua."

"Hili si marehemu, padri, ni jengo. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilikuwa sijasoma vya kutosha," alisema padri, na watu wakaguna kwa raha.

Gancho alitia mikono mfukoni. Macho yake yalikuwa yanazunguka kwenye mifuko ya mkate, moja baada ya nyingine, na Yonka akajua anatafuta nini. Akaufungua mfuko wake taratibu, akatoa kitabu chenye jalada lililochakaa, akakigeuza ili mgongo wake usomeke.

Meya alimeza mate. Wote walimwona.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ni ya pili?"

"Ya pili."

"Yonka. Nani... zile nyayo kwenye ngazi, zilikuwa za nani?"

"Uliniuliza swali, Gancho. Mbele ya yule mtu wa viatu. Uliniambia nikutajie mmoja tu, aliyesoma kitabu cha nyumba hii mpaka mwisho. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sikuwa na jina. Nililala na fedheha siku ile. Sasa nitajie wewe."

Theluji ilikuwa inaanguka juu ya upara wake na haipangusi. Lazo alifungua mdomo kusaidia, Bibi Velika akamkanyaga mguu.

"Mimi," alisema Gancho.

"Sijasikia. Na huko kituoni hawajasikia."

"Mimi! Gancho! Nimekisoma chote! Mara mbili! Haya, nipe hicho kitabu, mwanamke, kabla sijaganda!"

"Ufunguo kwanza."

Alisimama kidogo, kwa ajili ya heshima ya cheo chake. Kisha mkono ukatoka, kama ulivyotoka siku ya ngano, na ufunguo ukaanguka kwenye kiganja cha Yonka. Yeye alikuwa tayari ameshaukaribia mlango.

"Sasa nipe," alisema Gancho.

"Kinasomewa humu ndani, karibu na jiko. Hakitoki mlangoni. Na wewe utaleta ile ya kwanza." Alitia ufunguo kwenye kufuli. "Kuna mtu anaitaka."

Jiko liliwashwa, moshi ukapanda, miwani ikaingia ukungu. Vitabu vilianza kurudi kwenye rafu, kila mtu akitaka chake kikae pazuri kuliko cha mwenzake, Lazo akikataa katakata cha kwake kiwekwe chini ambako kitapata unyevu. Mehmed alitoa klarineti. Gancho alikaa juu ya kasha la kuni, koti bado mwilini, na kabla ngano haijagawanywa alikuwa ameshazama. Katika kurasa za mwanzo aliruka kidogo, kama mtu aliyesikia bunduki.

"Usiseme!" Yonka alimpigia kelele toka ng'ambo ya chumba. "Ukisema ni damu ya nani nakutoa nje!"

Alitoka yeye, na ndoo yake ya gundi. Tangazo la zamani lilikuwa limeanza kupauka. Alilibandika jipya pembeni yake, akalipiga kwa ngumi kwenye pembe zote.

"Mbona unabandika tena?" aliuliza Gancho toka ndani, bila kuinua kichwa. "Si imeshafufuka?"

"Liache hapohapo lilipo. Wenye viatu vyeupe wako wengi."

"Na litatoka lini?"

"Mvua ikitaka."

Alirudi nyuma hatua moja kulisoma. Ukingo mweusi, msalaba, mlango. "Siku arobaini bila mpendwa wetu. Hatusahau, hatutoki, hatufungi. Waombolezaji: wote wenye haya." Na chini, kwa herufi kubwa kuliko zote, jina ambalo alilichapa kabla ya kujua kama mlango utafunguliwa: "pamoja na Gancho."